Rauta ya Mlabani na Nywele za Mama Mkubwa

Mlabani,
Ifakara.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Evodius,

Marahaba, kama umeniamkia. Kama hukuniamkia, basi ichukue hiyo marahaba uiweke, utaitumia siku utakayokumbuka kwamba una dada. Habari za huko Denmark? Habari za baridi, za kazi, za mkeo? Mtoto anaendeleaje, ameshaanza kutembea? Ukituuliza sisi, ni wazima wa mwili. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana, duka lipo, na mvua bado hazijaanza.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu mwenye duka la intaneti. Nimekupigia simu mara tano. Mara mbili ulisema unaendesha gari, mara mbili ukasema mtandao unakatika, na mara ya mwisho ulipokea ukakaa kimya mpaka nikachoka. Karatasi haikatiki. Nimempa Sista Agnetha, anayekuja huko kwa masomo, na nimemwomba akukabidhi mkononi na asimame hapo hapo mpaka uifungue.

Mavuno ya mwaka huu yalikuwa ya wastani. Kule Mngeta wenye trekta wamevuna, na sisi wa majembe tumegawana mpunga na ndege. Mjomba Kelestini, kaka wa mama zetu, bado ana nguvu zake na bado anaongoza vikao vya ukoo kama hakimu. Sisi wengine bado tunamwogopa, na mimi nilikuwa wa kwanza kumwogopa, kama utakavyosoma.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa pili ulimtumia mama yako laptopu. Ilikuwa yako ya zamani, uliyosomea chuo, ukaifuta vumbi na kuipanga ili akiifungua tu aone picha ya mtoto na mahali pamoja pa kubonyeza. Kioo cha simu macho yake hayakiwezi, wote tunajua. Ulifanya jambo jema na nakusifu kwa hilo. Sifa nyingine usizitafute humu ndani, hazimo.

Mama yako, Mama Mkubwa wangu, aliipokea kwa mikono miwili. Alishona mfuko wa kitenge wa kuibebea. Kila Jumatano na Jumamosi, saa nane mchana, alikuja dukani kwangu, kwa kuwa kwake hakuna mtandao, akawasalimia wateja mmoja mmoja, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha na kuifungua. Kabla hajakupigia, alikuwa ananiuliza kama kitambaa cha kichwani kimekaa vizuri. Mimi nilizoea kumjibu bila kumtazama.

Tangu wiki ile ya kwanza, rauta ya duka, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ikaanza kuganda. Taa zinawaka kijani kama kawaida, lakini hakuna kinachopita. Anayejaza fomu anakwama, anayetuma barua pepe anakwama, na Mama Mkubwa naye anakwama: mtoto wako anabaki kwenye kioo ametoa macho, mdomo wazi, hasogei. Nikiizima rauta na kuiwasha, inafanya kazi dakika chache kisha inaganda tena. Mama Mkubwa akishafunga laptopu yake na kwenda zake, nikiwasha, mtandao unatembea mpaka jioni.

Watu wana macho, Evodi. Laptopu hawakuiona, walimwona bibi. Kufika mwezi wa nne wateja walishazijua siku zake, na akitokea mlangoni tu, wengine wanakusanya karatasi zao na kuondoka. Yeye alidhani wanampisha, akawa anawashukuru.

Aliyeanza kulisema kwa sauti ni mwalimu Sylvester, ambaye maombi ya kazi ya binti yake yaligandia katikati siku ya mwisho ya kutuma. Alisimama akamnyooshea kidole mama yako. "Huyu bibi ana kitu," akasema. "Akiingia yeye tu, kila kitu kinakufa." Mama Mkubwa akamjibu, "Pole sana, mwalimu," akafunga laptopu yake akatoka. Nikawasha rauta, mtandao ukarudi pale pale. Kila alipotutii na kuondoka, alizidi kujifunga kamba.

Utauliza mimi mwenye duka nilifikiri nini. Nilifikiri kama wao. Nilimwita fundi mmoja akapuliza vumbi, akasema ni umeme wetu huu wa kupanda na kushuka. Nikabadili chaja ya rauta. Nikaihamisha kutoka juu ya mashine ya kopi, nikaipandisha juu ya kabati ipate hewa. Nikazikagua kompyuta zangu tatu moja baada ya nyingine. Laptopu ya mama yako sikuigusa hata siku moja, kwa sababu ilitoka Ulaya. Si unajua tulivyo huku, kitu kikisumbua, kibovu ni kile cha kwetu. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini kwamba mwanamke aliyenilea baada ya mama yangu kufa ni mchawi, kuliko kuamini kwamba laptopu ya Denmark ina kasoro. Maneno hayo nimeyaandika na kuyachana mara mbili kabla ya kuyaacha hapa.

Mwezi wa sita mtoto wako akaugua. Uliandika kwenye kundi la ukoo kwamba ana homa siku ya tatu na haishuki, na Mjomba Kelestini akaitisha kikao jioni ile ile. Hesabu yake ilikuwa fupi. Mtoto anaganda kwenye kioo cha bibi yake, na sasa mtoto anaungua homa. Akasema mama yako, Yosefina, apelekwe kwa mganga ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, akanyolewe. Wewe umekulia huku, unajua maana yake: unanyolewa nywele zote, unanyweshwa dawa, na tangu hapo ukijaribu kumdhuru mtu, dawa inakurudia mwenyewe.

Mama Mkubwa hakubisha. Anayekataa kunyolewa anakuwa amejitangaza, naye analijua hilo tangu msichana. Alisema tu, "Kama ninyi wote mmeona, basi twendeni." Aliomba jambo moja, kwamba wewe usiambiwe. Mjomba akakataa, akasema mganga yule hamshiki mzazi wa mtu bila kauli ya mtoto wake wa kumzaa.

Tukakupigia hapo hapo, simu imewekwa spika katikati ya mkeka. Sijui kama Mjomba alikwambia kwamba mama yako alikuwa amekaa nasi. Alikueleza yote, tena kwa mpangilio: akiingia yeye mtandao unakufa, akitoka unapona, kila Jumatano na kila Jumamosi, tangu mwezi wa pili. Nina hakika hata walimu wa huko hawakuelezi shida zao vizuri hivyo. Na kazi yako ndiyo hiyo. Unaangalia mitandao ya shule tatu, ulitutumia picha umesimama mbele ya kabati lenye nyaya za rangi zote, Mjomba akaiweka kwenye fremu. Nilidhani utauliza kitu, hata kimoja, kwa mazoea tu ya kazi. Ukasema, "Mjomba, mtoto ana homa siku ya tatu. Mpelekeni, yaishe." Ukakata simu.

Nilimtazama mama yako. Alikaza fundo la kitambaa chake, akasema, "Haya," akaenda kufunga kuku.

Tulivuka daraja Jumanne asubuhi, ndugu saba kwenye gari moja, yeye amekaa katikati. Mimi ndiye niliyeshika beseni, na nakuandikia hilo ili usidhani natupa mawe nikiwa nimesimama mbali. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote kwenye mizizi, kumbe miaka yote alikuwa anapaka piko. Wembe ulimkata juu ya sikio, na yeye ndiye aliyemwomba radhi mnyoaji. Kisha akatakiwa aseme alichomfanyia mtoto, kwa sababu dawa haishiki bila mtu kusema. Hakuwa na la kusema, na Mjomba akaanza kukohoa kwa hasira. Mwishoni akasema, "Nilimtazama sana. Nilikuwa namtazama mpaka mtandao unazimika, na hata hapo naendelea kumtazama." Mganga akaridhika. Mama yako akanyweshwa dawa.

Laptopu tulimnyang'anya nikaifungia kabatini. Na mtandao ukapona, Evodi. Mwezi wa saba mzima rauta haikuganda hata mara moja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya wateja. Mwalimu Sylvester akarudi, akanipa mkono wa pongezi.

Siku tatu baada ya kumnyoa mama yako, uliandika kwenye kundi kwamba kumbe homa ilikuwa ya masikio, mtoto kapewa dawa ya matone, anacheza. Mjomba akakujibu kwa vile vimikono vya kushukuru. Nami niliweka vimikono. Wewe uliweka moyo.

Mama Mkubwa hakuweza kukaa Mlabani. Wanawake waliokuwa wanamwachia watoto wao akienda sokoni wanabadili njia, na dukani kwa mangi chenji yake inawekwa mezani, haipewi mkononi. Akachukua godoro na sufuria mbili akaenda Malinyi, kwenye shamba la marehemu baba yako. Anaishi kwenye dungu la kuwingia ndege, kile kichanja cha juu ya miti, mwanamke wa miaka sitini na nane, anapanda na kushuka ngazi ya miti. Hilo hukuliona kwenye kundi kwa sababu hakuna aliyeliandika.

Mwezi wa nane kompyuta yangu moja ikafa nikiwa na kadi za harusi za kuchapa. Nikaitoa laptopu ya Mama Mkubwa kabatini, nikaifungua. Hazikupita dakika tano, rauta ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaganda tena. Mama yako yuko Malinyi, hana mtandao, hana hata simu. Nilipomwambia Mjomba, alisema dawa haikumshika, anatutenda kwa mbali, apelekwe mara ya pili. Hapo ndipo nilipomkatalia Mjomba kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nikaenda kwa Omega, binti wa mzee Alfonsi aliyekuwa akitengeneza redio. Huwa tunamdharau kwa sababu ni mwanamke na anatengeneza simu kibarazani. Akaja, akakaa, hakugusa kitu. Akaniuliza, "Dada, hii shida ilianza lini, na wiki hiyo kifaa gani kipya kiliingia humu?" Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikamuuliza kama hilo ni swali la wataalamu wakubwa. Akacheka, akasema ndilo swali la kwanza, hata anayejifunza wiki ya kwanza analijua.

Akaingia kwenye rauta kwa kompyuta nyingine iliyounganishwa kwa waya, akafungua orodha ya vifaa vinavyoingia na saa zake. Akanionyesha. Kila rauta ilipoganda, wa mwisho kuingia alikuwa yule yule. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: EVODIUS. Hukuwahi kulibadili jina la laptopu yako ulipompa mama. Akaizima laptopu, mtandao ukatembea. Akaiwasha, ukaganda. Alirudia mara nne mpaka nikamwomba aache.

Alinieleza kwa lugha ya kwangu. Ndani ya laptopu kuna kadi ya mtandao, ndiyo inayozungumza na rauta bila waya. Ya kwako ni ya kizamani na haielewani na rauta yangu, ambayo ni mpya. Ikiingia, rauta inahangaika kuijibu mpaka inasahau wengine wote na inabaki imeganda. Laptopu siyo mbovu, rauta siyo mbovu, ila hazikai pamoja. Dawa yake ni kubadili kadi, au kuchomeka kidude kidogo cha pembeni kinachofanya kazi badala yake, au kuifunga waifai yake na kuiunganisha kwa waya. Omega alikuwa na waya kwenye mkoba, mita tatu. Akachomeka. Laptopu imeshinda imewaka siku nzima, duka limejaa, hakuna kilichoganda.

Mita tatu za waya, Evodi. Wewe unazo makabati mazima.

Mjomba nilimpelekea habari hizo siku hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nywele zitaota. Kisha akaniuliza kama nina habari za bei ya mpunga.

Jumamosi nikampakia Omega nyuma ya pikipiki, tukaenda Malinyi na laptopu na waya na rauta yenyewe. Mama Mkubwa alifurahi kuniona ila hakunishika mkono, alinisalimia akiwa amefunga mikono nyuma. Nywele zimeanza kuota, fupi, nyeupe tupu. Tuliketi chini ya dungu, Omega akamweleza taratibu, akamwonyesha kadi ilipo, akamwonyesha hata lile jina kwenye karatasi tuliyoichapa. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Aliniinua kwa maneno tu, bila kunigusa.

Kisha akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwanangu Agnella, una huruma, na huyu binti naye ana huruma. Lakini Evodi ndiye aliyesomea vitu hivi. Ingekuwa ni kompyuta, angesema. Alielezwa yote nikiwa nimekaa pale, na yeye ndiye anayejua, akasema mnipeleke. Basi alikuwa ameona."

Nikaikunja ile karatasi. Omega naye alikuwa anachora chini kwa kijiti. Jioni tukarudi Ifakara.

Sasa umeelewa kwa nini nimekuandikia. Hakutusadiki sisi kwa sababu yako. Anaamini kwamba mwanawe, mwenye elimu, aliipima habari ile yote akamkuta na hatia. Hajui kwamba hukupima kitu. Hajui kwamba uliogopa homa kama mwanakijiji yeyote, na ulikuwa kazini, na ulitaka simu iishe. Mimi nikimwambia hivyo anasema namsingizia mtoto wake. Bado anakutetea, Evodi, na kwa kukutetea wewe inabidi ajihukumu yeye.

Usipige simu, hashiki simu wala hatazami kioo cha aina yoyote. Usitume ujumbe kupitia kwa Mjomba. Usitume kifurushi. Njoo. Panda ndege, panda basi, uje mpaka chini ya lile dungu, umwambie kwa mdomo wako kwamba ungeweza kujua na hukuuliza. Itakuuma na mimi nataka ikuume. Nilikubeba mgongoni wewe, nikakufundisha kuandika jina lako hilo hilo, nina haki ya kutaka hivyo. Lakini fanya upesi, maana Novemba mvua zikianza na bonde likijaa maji, njia ya shambani haipitiki, na kifua chake si kizuri.

Msalimie sana mkeo. Mume wangu Fridolin anakusalimu. Wewe na Omega hamfahamiani ila anakusalimu, anasema ukija atakukopesha bisibisi. Mjomba Kelestini anakusalimu, anasema unalijengea heshima jina la ukoo. Mungu akulinde safarini, na kabla ya safari akupe aibu ya kukutoa hapo ulipokaa.

Mama yako hakukutumia salamu. Nilimwomba wakati tunaondoka, nikamwambia nitakuandikia, aseme hata neno moja la kumpa mjukuu wake. Alitikisa kichwa. Hana hasira na mtu yeyote. Anaogopa salamu zake zitamfikia mtoto.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Agnella